Kebo ya Gitaa la Umeme katika Pwani ya Malindi na Kilifi: Kuichagua na Kuitaja

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Msikilizaji aliyehudhuria arusi mjini Malindi, au aliyeketi katika bustani ya hoteli huko Watamu, huisikia sauti ya gitaa ikielea juu ya ngoma na waimbaji asijue imepita njia gani hadi kumfikia. Huliona gitaa, humwona mpigaji, na huziona spika. Kitu kimoja hakioni, kwa kuwa kimelala chini miguuni pa watu: kebo inayoliunganisha gitaa na amplifaya. Hicho ndicho kifaa ambacho wengi hukinunua mwisho, kwa pesa zilizobaki, na mara nyingi ndicho cha kwanza kuiharibu shughuli.

Hasara ya kebo mbovu si jambo la kubeza. Mpigaji wa pwani aghalabu hulipwa kwa usiku mmoja mmoja. Sauti ikikatika wakati bibi arusi anaingia ukumbini, mwenye shughuli hatauliza kama kosa lilikuwa la gitaa, la amplifaya, au la kipande cha waya cha bei ndogo. Atakumbuka tu kwamba bendi ile ilimwaibisha, na shughuli nyingine itakapofika atamwita mcheza santuri mwenye kompyuta yake. Kwa njia hiyo kifaa kidogo huweza kumnyima mtu riziki, na huweza pia kuupunguza uwanja wa muziki unaopigwa kwa mikono ya watu.

Makala haya yanaeleza namna ya kuichagua kebo ya gitaa la umeme kwa kuzingatia hali ya hewa na mazingira ya kazi katika pwani ya Malindi na Kilifi. Hoja kuu ni kwamba ubora wa kebo hautokani na bei wala mng'aro wake, bali unatokana na mambo manne yanayoweza kuchunguzwa: urefu, kinga iliyo ndani, plagi, na uwezekano wa kuitengeneza inapokatika. Aidha, inadaiwa kwamba mtu asiyeweza kuzitaja sehemu za kebo hawezi kuiulizia ipasavyo dukani wala kumwelekeza fundi. Kwa sababu hiyo suala la kifaa hapa linakwenda sambamba na suala la istilahi.

Ala za Pwani na Kuja kwa Kebo

Muziki wa pwani uliishi karne nyingi bila kebo. Udi, ala iliyompa sifa Zein l'Abdin, pamoja na gambusi na ngoma za Wamijikenda, zote hutoa sauti kutokana na mwili wa ala yenyewe. Uzi au ngozi hutetemeka, tumbo la ala huukuza mtetemo huo, na hewa huichukua sauti hadi sikioni.

Gitaa la umeme ni ala ya tabia nyingine. Magitaa ya kwanza ya aina hiyo yaliingia sokoni Marekani mwaka 1932. Gitaa la umeme lililozoeleka leo lina mwili wa ubao mzito usio na tumbo la kukuzia sauti. Likipigwa bila umeme, hata aliye hatua chache halisikii vizuri. Sauti yake halisi huzaliwa kwenye spika. Maana yake ni kwamba kebo si nyongeza ya gitaa hilo. Ni sehemu ya ala, kama vile nyuzi zilivyo.

Katika pwani ya Kenya gitaa hili lilipata makao hotelini na arusini. Them Mushrooms, kundi lililoundwa Mombasa mwaka 1972, lilijijenga kwa kuwapigia wageni katika hoteli za ufuoni, na wimbo wa "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison, ulienea duniani kutokana na muziki wa majukwaa hayo. Muziki wa bango, unaohusishwa na Joseph Ngala wa Frere Town, Mombasa, nao hukutanisha saksafoni na magitaa ya umeme. Majukwaa ya muziki wa namna hii, kuanzia Mtwapa, Kilifi na Watamu hadi Malindi na Mambrui, yana sifa moja muhimu kwa mada hii: mengi yako wazi, karibu na bahari, na umeme wake mara nyingine hutoka kwenye jenereta. Kebo inayofaa ofisini au studioni Nairobi si lazima ihimili mazingira hayo.

Neno Moja, Vitu Vingi

Tatizo la mnunuzi huanza kwenye neno. Kiswahili kilipolipokea neno "waya" kutoka Kiingereza kililitia katika mfumo wake wa ngeli kikamilifu, hata wengi wakalipa wingi wa "nyaya", kama waraka na nyaraka au wakati na nyakati. Neno hilo likapanuka. Leo linataja waya wa ua, waya wa umeme wa nyumba, waya wa spika, waya wa maikrofoni na waya wa gitaa. Katika mazungumzo ya kawaida upana huo hauleti madhara, kwa kuwa muktadha hufafanua. Dukani huleta. Mteja akiomba "waya wa gitaa wa mita sita" anaweza kukatiwa waya wa spika na kulehemiwa plagi mbili mwishoni. Kwa macho, vitu hivyo hufanana: vyote vyeusi, vyote vina plagi ya milimita 6.35.

Ili kuepuka utata, makala haya yanatumia "kebo" kwa kifaa kizima, na "waya" kwa uzi wa shaba ulio ndani yake. Kwa mpangilio huo aina tatu zinaweza kutenganishwa. Kebo ya ala ina waya mmoja mwembamba katikati, uliozungukwa na kinga. Kebo ya spika ina nyaya mbili nene zilizolala sambamba, bila kinga yoyote. Kebo ya maikrofoni ina nyaya mbili nyembamba ndani ya kinga moja, na plagi zake kwa kawaida zina pini tatu. Mwanafunzi wa semantiki atafurahi kuona kwamba katika istilahi "kebo ya ala" neno "ala" lina homonimu yake: ala ni chombo cha muziki, na ala ni kifuko cha kisu au upanga. Kwa bahati njema maana zote mbili zinafaa hapa, kwa sababu kebo ya muziki ni waya uliovishwa ala.

Kuzichanganya aina hizi kuna gharama. Kebo ya spika ikitumiwa kwenye gitaa hudaka kila mvumo wa umeme uliopo ukumbini, kwa kuwa haina kinga. Kebo ya ala ikitumiwa kati ya amplifaya na spika huleta hatari kubwa zaidi. Mkondo unaokwenda kwenye spika ni mkubwa, ilhali waya wake wa kati ni mwembamba. Waya huo huweza kupata moto, na amplifaya yenyewe huweza kuharibika.

Safari ya Sauti

Ili kujua kebo inafanya nini, yafaa kuifuata sauti kutoka mwanzo. Chini ya nyuzi za gitaa kuna kinasa, ambacho wapigaji wengi hukiita pikapu. Kinasa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba, mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku hiyo, huzalisha katika koili umeme mdogo unaopanda na kushuka kwa mwendo ule ule wa uzi. Umeme huo ni mdogo mno: aghalabu haufiki volti moja, na ukipiga uzi taratibu huwa ni sehemu ndogo tu ya volti. Umeme wa ukutani nchini Kenya ni volti 240.

Umeme huo mdogo ndio unaosafiri ndani ya kebo. Amplifaya huupokea na kuukuza mara nyingi hadi uweze kuisukuma spika. Hapa ndipo ilipo siri ya jambo zima: amplifaya haibagui. Hukuza sauti ya gitaa, na hukuza pia kila uchafu ulioingia njiani. Taa, feni, friji ya baa na jenereta vyote hutoa mawimbi ya sumaku na ya umeme. Umeme wa Kenya hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na mvumo mzito unaosikika kwenye spika mpigaji anaponyamaza ni wa mapigo hayo pamoja na vizidishi vyake. Kebo isiyo na kinga nzuri ni antena ya mvumo huo.

Jambo la pili linahusu tabia ya umeme wa kinasa. Kinasa cha kawaida kina impidansi kubwa, yaani umeme wake ni kama maji yanayotoka kwenye bomba jembamba: yapo, lakini hayana nguvu ya kusukuma. Kinanda cha umeme hakiko hivyo. Kina saketi ya ndani inayoupa umeme wake nguvu. Ndiyo maana mpiga kinanda huweza kutumia kebo ya mita 10 bila kuhisi tofauti, lakini akimwazima kebo hiyo mpiga gitaa, gitaa hufifia. Mpiga besi ambaye gitaa lake lina saketi ya betri naye hanyanyaswi sana na urefu.

Urefu na Sauti Inayofifia

Kebo ni waya uliozungukwa na kinga, na kati yake kuna plastiki. Vitu viwili vipitishavyo umeme vikitenganishwa na kihami huwa kapasita, hata kama hakuna aliyekusudia. Uwezo huo wa kuhifadhi chaji, yaani kapasitansi, hupimwa kwa pikofaradi, na kebo nyingi za ala zina takriban pikofaradi 80 hadi 150 kwa kila mita. Kebo ikiwa ndefu zaidi, kapasitansi huongezeka kwa kipimo kile kile.

Kapasitansi hiyo huungana na koili ya kinasa kuamua ni sauti gani kali zitakazopita. Mfano utafafanua. Chukua kinasa chenye henri 2.5, ambacho chenyewe kina pikofaradi 100, na kebo yenye pikofaradi 100 kwa mita. Kwa kebo ya mita 3 jumla ni pikofaradi 400, na kilele cha sauti kinaangukia karibu na hezi 5,000. Kwa kebo ya mita 10 jumla ni pikofaradi 1,100, na kilele kinashuka hadi karibu na hezi 3,000. Sauti zilizo juu ya kilele hicho hupungua kwa kasi. Msikilizaji hahitaji kujua hesabu hiyo. Atasema tu kwamba gitaa limefunikwa blanketi.

Ni kweli kwamba kufifia si kosa nyakati zote. Jimi Hendrix alionekana jukwaani akitumia kebo ya kujiviringa kama ya simu. Kebo za aina hiyo zikinyooshwa huwa ndefu, na kapasitansi yake huwa kubwa; ukali unaopungua kwa njia hiyo huweza kumfaa mpigaji anayetumia sauti kubwa yenye kukwaruza. Hata hivyo, gitaa la bango au la chakacha lenye nyuzi zinazolia moja moja, kama matone ya mvua juu ya bati, hutegemea ukali ule ule unaopotezwa na kebo ndefu. Kanuni inayofaa wengi ni hii: mita 3 zatosha nyumbani na mazoezini, mita 6 zatosha jukwaani, na zaidi ya hapo pawe na sababu. Kununua mita 10 "kwa akiba" ni kununua hasara, maana akiba hii haiwekwi kabatini. Hupitiwa na sauti kila siku.

Kinga: Ukili wa Shaba

Sehemu inayotofautisha kebo nzuri na mbaya zaidi ya nyingine ni kinga. Kinga ni tabaka la metali linalouzunguka waya wa kati, likiyanasa mawimbi ya nje na kuyapeleka ardhini. Zipo namna tatu kuu za kuitengeneza.

Namna ya kwanza ni msuko. Nyuzi nyembamba za shaba husukwa zikipishana juu na chini, sawasawa na ukili unaosukwa kwa miyaa kabla ya kushonwa mkeka. Ulinganisho huu una manufaa ya kweli. Mshonaji wa mikeka anajua kwamba ukili uliobanana hauonyeshi mwanga, ilhali uliolegea huacha matundu. Kinga nayo ni vivyo hivyo: ukili wa shaba uliobanana huacha nafasi ndogo ya mvumo kupenya. Aina hii hustahimili kukanyagwa na kukunjwa, na kwa kazi ya jukwaani ndiyo inayofaa zaidi.

Namna ya pili ni mzingo, ambapo nyuzi za shaba huzungushwa upande mmoja tu kama kamba inayozungushiwa mpini. Kebo ya mzingo ni laini na hukunjika vizuri, lakini ikikunjwa mara nyingi mahali pamoja nyuzi hutanuka na kuacha mwanya. Namna ya tatu ni karatasi ya alumini. Hiyo hufunika waya wote bila tundu, ila hupasuka ikikunjwa. Inafaa kebo zilizofungwa ukutani zisizosogezwa.

Kebo nzuri za ala zina kitu kimoja zaidi: tabaka jembamba la plastiki nyeusi yenye kaboni, lililo kati ya kihami na kinga. Plastiki na shaba zikisuguana huzalisha chaji ndogo, kama ile inayosikika mtu anapovua nguo ya nailoni. Bila tabaka hilo kebo ikikanyagwa hutoa mlio wa kugonga kwenye spika. Tabaka hilo huiondoa chaji kabla haijakusanyika. Fundi anayejua kazi yake hulikwangua kwa uangalifu karibu na plagi, kwa kuwa likigusa waya wa kati sauti hudhoofika.

Plagi na Hewa ya Bahari

Plagi ya milimita 6.35 ni urithi wa vituo vya simu vya karne ya 19, ambamo wahudumu waliunganisha wapigaji simu kwa kuchomeka na kuchomoa siku nzima. Iliundwa kwa ajili ya kutumiwa mara nyingi, na haikuundwa kwa ajili ya chumvi.

Katika pwani ya Kilifi chumvi ni adui wa kila siku. Kusi na kaskazi zote hupita juu ya maji kabla ya kuifikia nchi kavu, na hewa hubeba chembe za chumvi pamoja na unyevu. Kila mwenye nyumba Malindi anajua kinachoyapata mabati na bawaba. Shaba iliyoachwa wazi hupata kutu ya kijani. Nikeli iliyochubuka huacha shaba nyeupe au chuma iliyo chini kushambuliwa. Jasho la mpigaji huongeza chumvi juu ya chumvi. Dalili zake ni mkwaruzo plagi inapozungushwa na sauti inayokuja na kwenda. Wengi huufikiria mkwaruzo huo kuwa ugonjwa wa gitaa, na hulipeleka gitaa kwa fundi.

Yapo mambo matatu ya kuangalia kwenye plagi. La kwanza ni kama inafunguka. Plagi yenye kifuniko cha metali kinachofunguliwa kwa skrubu humruhusu fundi kuona ndani, kukata na kulehemu upya. Plagi iliyomiminiwa plastiki haifunguki. Ikikatika, hukatwa na kutupwa. Plagi za kampuni kama Neutrik na Switchcraft zimepata sifa kwa sababu zinafunguka na zina kishikizi madhubuti.

La pili ni hicho kishikizi chenyewe, yaani kipande kinachoibana kebo kwenye koo la plagi ili uzito usiivute lehemu. Kebo nyingi hazifi katikati; hufa kooni, sentimita chache kutoka kwenye plagi, mahali inapokunjwa kila siku. Kebo yenye kishikizi legevu haina maisha marefu hata ikiwa na shaba bora.

La tatu ni metali ya nje. Dhahabu haishiki kutu, na kwa pwani hilo ni jambo la maana. Lakini dhahabu ya plagi ni utando mwembamba sana, na dhahabu ni metali laini: plagi ikichomekwa na kuchomolewa kila siku, utando hulika. Nikeli ni ngumu zaidi na huvumilia msuguano, ila hudai kufutwa. Kwa plagi isiyochomolewa mara kwa mara dhahabu inafaa; kwa plagi ya jukwaani nikeli nzito inayofutwa kila baada ya kazi haina aibu mbele yake.

Bei na Madai ya Wauzaji

Baadhi ya kebo huuzwa kwa bei ya juu kwa madai yanayohitaji kupimwa. Dai moja ni la shaba isiyo na oksijeni, ambayo inasemekana hupitisha sauti vizuri zaidi. Ukinzani wa waya wa kati katika kebo ya mita 6 kwa kawaida ni chini ya omu moja. Kinasa chenyewe kina ukinzani wa maelfu kadhaa ya omu, na mlango wa amplifaya ya gitaa aghalabu una omu milioni moja. Kuboresha sehemu ya omu moja mbele ya takwimu hizo ni kama kuondoa kikombe cha maji katika Mto Sabaki wakati wa masika.

Dai jingine ni la mshale uliochorwa kwenye kebo kuonyesha upande ambao sauti inapaswa kwenda. Umeme wa kinasa ni wa kupishana: huenda na kurudi mamia na maelfu ya mara kwa sekunde. Shaba haina mbele wala nyuma. Mshale huwa na maana pale tu kinga ilipounganishwa kwa namna ya pekee upande mmoja, na hilo muuzaji anapaswa kuweza kulieleza.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba bei haina maana kabisa. Kebo ya bei ya chini mno kwa kawaida imepunguziwa kile kisichoonekana: kinga imekuwa nyuzi chache, na kishikizi hakipo. Ubora unaofaa kulipiwa ni kinga na plagi. Zaidi ya hapo mnunuzi analipia jina na rangi.

Namna ya Kuijaribu Dukani

Mnunuzi anayekwenda dukani, iwe Malindi, Kilifi au Mombasa, afanye majaribio machache kabla ya kutoa pesa. Mosi, afungue kifuniko cha plagi na atazame. Akiona nyaya mbili nene bila kinga, hiyo ni kebo ya spika. Akiona waya mmoja katikati na nyuzi za shaba zilizosokotwa pembeni, hiyo ni ya ala. Lehemu iwe laini na yenye umbo la kuteleza. Lehemu iliyofanya donge na kujaa vitobo haikushika vizuri.

Pili, kama duka lina mita ya umeme, apime ncha kwa ncha na shina kwa shina. Mita ionyeshe ukinzani ulio karibu na sifuri. Kisha apime ncha kwa shina la plagi ile ile. Pasiwe na njia. Wakati wa kupima aikunje kebo kooni upande huu na huu. Kipimo kikirukaruka, kebo hiyo tayari ina ugonjwa.

Tatu, aichomeke kwenye gitaa na amplifaya, aifungue sauti ya gitaa yote, azishike nyuzi kwa kiganja zisilie, kisha aigonge kebo sakafuni na kuikanyaga taratibu. Kebo nzuri hukaa kimya. Kebo inayotoa mlio kila ikiguswa itatoa mlio huo huo mbele ya wageni mia tatu.

Kuitunza, na Tahadhari ya Umeme

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya kazi plagi zifutwe kwa kitambaa kikavu, na kebo ifutwe jasho na mchanga. Ikunjwe kwa viringo vikubwa ikifuata mwelekeo wake yenyewe. Kuizungushia kiwikoni kama kamba ya jahazi huipinda waya wa kati hadi ukatike. Jukwaani, ipitishwe kwanza kwenye mkanda wa gitaa ndipo ichomekwe, ili mtu akiikanyaga ivutike mkanda badala ya plagi. Ikihifadhiwa mahali pakavu, ndani ya mfuko uliofungwa, chumvi huifikia polepole. Ikikatika kooni, fundi huikata sentimita tano, huilehemu tena, na kebo ya mita 6 hurudi kazini ikiwa na upungufu usioonekana.

Jambo moja halitibiwi na kebo yoyote. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na kinga ya kebo, na kinga imeunganishwa na chuma cha amplifaya. Amplifaya isiyo na waya wa ardhi, hususan pale penye jenereta na nyasi zenye umande, huweza kumpiga shoti mpigaji aliyeshika nyuzi pindi midomo yake inapoigusa maikrofoni. Mpigaji akihisi mwasho mdogo midomoni, asiupuuze wala asikate pini ya ardhi kwa nia ya kuondoa mvumo. Aache kupiga, umeme uzimwe, na waya wa ardhi ushughulikiwe kwanza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kebo nzuri ya gitaa kwa pwani ya Malindi na Kilifi ni ile iliyo fupi kadiri jukwaa linavyoruhusu, yenye kinga ya msuko uliobanana, yenye plagi inayofunguka na kishikizi imara, na inayoweza kulehemiwa upya na fundi wa mtaani. Mambo hayo yote huonekana kwa macho au hupimika kwa dakika chache, na hakuna hata moja linalodai utajiri.

Yameonyesha pia kwamba istilahi zinazohitajika kwa kazi hiyo hazikutoka mbali. Kinga, ukili, mzingo, koo, ncha, shina, kishikizi na lehemu ni maneno ambayo Kiswahili kilikuwa nayo kabla gitaa halijapata umeme. Yaliyokopwa, kama kebo, plagi na koili, yameshakaa katika ngeli zake bila ugomvi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliitambua lugha hii kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Urasmi huo utakamilika pale mpigaji gitaa wa Mambrui atakapoweza kuingia dukani na kusema: "Nataka kebo ya ala ya mita sita, kinga ya ukili, plagi ya kufungua," naye muuzaji asimpe waya wa spika.